Veterani wa Kalundu

Kule kwetu, kuanzia Uvira mpaka Bukavu, mcheza mpira akivuka miaka arobaini haambiwi amestaafu. Anaitwa veterani. Neno tulilikuta kwa Wabelgiji, tukalifua, tukalivaa, na sasa ni letu. Veterani ni baba mwenye kitambi na goti lililofungwa bendeji, ambaye Jumapili baada ya ibada huwaonyesha vijana kwamba mpira hauchezwi kwa mbio, unachezwa kwa kichwa. Kila mtaa una maveterani wake. Wakifunga bao, mtaa mzima unasikia. Mmoja wao akifa, wenzake ndio wanaobeba jeneza, tena wamevaa jezi.

Kwa hiyo mwaka 2012, Bagula alipowakusanya wanaume wenye umri wake kwenye uwanja wa nyuma ya shule, kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky huko Amerika, hakuna aliyeuliza timu iitwe nani. Jina lilikuwepo. Bagula alikuwa kapiteni wa Veterani wa Kalundu tangu Uvira, pale karibu na bandari. Vita vilipomkimbiza alivuka ziwa na hilo jina mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akaiunda timu upya kwa watu wengine. Ndege ilipomtua Kentucky, mwaka 2010, akakaa miaka miwili akitafuta watu, akaiunda tena. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Golini alisimama Paluku, mtu wa Butembo, mpana kama kabati, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia mipira na ya pili kuwatukana wenzake.

"Bagula, weye uko beki ao mlingoti? Simama pale tukufunge bendera!"

"Wewe daka mpira, mulafi. Kuku haitakukimbia."

Wengi wao walifanya kazi kwenye ghala moja la mafurushi. Siku sita walikuwa mikono ya watu wengine. Siku ya saba walikuwa Veterani wa Kalundu, na ole wake kijana aliyecheka.

Kitu kimoja tu Bagula hakukivusha bahari: binti yake mkubwa, Chimène. Walipotezana naye kwenye ukimbizi, mtoto akaenda na bibi yake upande mwingine. Familia ilipoandikwa kwa safari ya Amerika, Chimène alihesabiwa kama aliyekufa. Alikuja kupatikana baadaye, mzima, kwa simu ya mtu wa kanisa, wakati baba yake yuko Louisville tayari anafungua masanduku. Sasa alikuwa kambini Nyarugusu na bibi yake. Mwanasheria wa shirika la msaada alimweleza Bagula jambo moja, akalirudia mpaka likaingia: akishakuwa raia wa Amerika, anaweza kumwombea binti yake na aje bila kukaa miaka kwenye foleni, mradi uraia huo uwe mkononi kabla binti hajatimiza miaka ishirini na mmoja wala hajaolewa. Na kwenye karatasi za kambi, Chimène angetimiza miaka hiyo tarehe moja Januari, 2016.

Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwa Bagula kila alipokimbia, na kila aliposimama kushika goti.

Buffalo nako, mji wa theluji huko kaskazini, kulikuwa na maveterani. Kapiteni wao aliitwa Zenoni, Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni. Yeye na Bagula walikuwa wameumizana miguu Nyarugusu, na hakuna urafiki unaopita huo. Wakakubaliana wakutane kila mwaka Columbus, ambako si Louisville wala Buffalo. Watu wa Buffalo walilalamika kwamba njia yao ndiyo ndefu. Paluku aliwajibu kwamba aliyechagua kuishi ndani ya friji asilalamikie umbali wa jiko.

Kwenye gari waliimba wimbo wao, wa kambini:

Miguu haijachoka, ni goti linalolia,
Mpira ukitufika, twajua pa kuutia,
Milima tumeishuka, maji tumeyapitia,
Mlinzi fungua lango, wenyewe tunaingia.

Mwaka 2014 walikwenda mwishoni mwa Mei, kwa sababu Jumatatu ile ni sikukuu. Sikukuu ya nini, hakuna aliyeuliza. Mtu wa ghala haulizi jina la siku ya kupumzika. Walikuwa na jezi mpya za kijani, na migongoni, kwa herufi kubwa ambazo duka la Wamexico liliwachapia vizuri sana, iliandikwa VETERANS. Timu ya Buffalo ilivaa neno hilohilo kwa rangi ya bluu. Baada ya mechi, ambayo ilikwisha bila bao na kwa matusi mengi, wakaingia wote kwenye mgahawa wa kuku kando ya barabara kuu.

Mzee mmoja Mzungu mwenye kofia alisimama kwenye meza zao akaisoma migongo ile, mmoja baada ya mwingine. Akavua kofia. Akawapa mkono wote, hata Paluku ambaye wake ulikuwa na mafuta, akasema maneno machache, halafu akaenda kwenye kaunta akawalipia chakula chote.

"Anasema aje?" Bagula aliuliza.

"Anasema merci kwa service," mmoja wao alitafsiri.

Kwetu sevisi ni kazi. Wakatazamana.

"Service gani? Ya ghala?"

"Njo vile. Labda furushi lake lilifika mbele ya siku," Paluku alisema, na meza zote mbili zikacheka mpaka mapaja ya kuku yakaanguka.

Zenoni peke yake hakucheka. Alifuta vidole vyake taratibu. "Acheni utani, ndugu zangu. Yule mzee amesoma jezi. Watu hawa wanawaheshimu maveterani. Kule Buffalo nimeona kwa macho yangu: dukani kuna bei ya maveterani, na kwenye maegesho kuna sehemu yao, imeandikwa kabisa."

"Maveterani wa mpira?"

"Kwani kuna wengine?"

Paluku alinyanyua mikono mbinguni. "Bon! Miaka yote naegesha mbali, natembea na hii goti! Amerika, unisamehe, sikukujua."

Tangu siku hiyo Paluku aliegesha pale, kifua mbele. Timu ikatengeneza beji ndogo za chuma za kubandika kwenye koti: VETERAN, na ya Bagula ikaongezewa CAPTAIN. Watoto wao waliziona beji hizo wasiseme neno. Mtoto wa Amerika hasomi nguo ya baba yake.

Bagula aliitwa kwenye usaili wa uraia Julai 2015. Alikuwa amejiandaa kama anayekwenda fainali. Alijua majina ya marais, alijua mito, na maswali yale marefu ya makosa, kama aliwahi kuua, kama aliwahi kutesa, kama aliwahi kuwa kwenye jeshi au kundi la silaha, yote alikuwa ameyajibu hapana kwenye fomu, na ilikuwa kweli. Asubuhi hiyo mkewe, Mama Patricia, alimpigia suti pasi. Patricia, binti yao mdogo wa miaka kumi na saba, ndiye aliyeendesha gari. Na Bagula, kabla ya kutoka, alisimama mbele ya kioo akabandika beji kifuani. Kama mzee wa kofia aliwalipia kuku watu asiowajua, afisa naye ni mtu.

Usaili ulianza vizuri. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mpole. Bagula aliandika sentensi aliyosomewa, akasoma aliyoandikiwa, akajibu maswali bila kukwama. Afisa akatabasamu. Halafu macho yake yakatua kwenye beji.

Alimuuliza kama yeye ni veterani.

"Yes, sir!" Bagula alisema, mgongo ukanyooka. "Captain."

Afisa akauliza wapi. Bagula akasema Uvira, Kongo. Baadaye Tanzania, kambini. Akaulizwa tangu lini. Akasema tangu tisini na nane. Ulikuwa mwaka wa vita, lakini yeye alikuwa akihesabu mechi. Tabasamu la afisa likakaa palepale usoni, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Akauliza kazi yake hasa ilikuwa nini.

"Defense," Bagula alisema, maana yake beki. Halafu, kwa kuwa aliona mtu huyu anapenda habari zake, akaongeza yale ambayo Kiingereza chake kiliweza kubeba: kwamba watu wengi wamejaribu kupita kwake na hakuna aliyepita; kwamba vijana aliowafundisha wengine wapo Louisville, wengine Buffalo; kwamba wanakutana Columbus kila mwaka.

Afisa aliandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Bagula alitoka nje akiwa na uso wa mtu aliyefunga penalti. Ndani ya gari alimsimulia Patricia yote, kwa Kiswahili, akiiga sauti ya afisa. Patricia alikuwa ameanza kurudisha gari nyuma. Akakanyaga breki.

"Dad. Ulimwambia nini?"

"Niko veterani."

"Dad, no. No, no." Aligeuka akamtazama kifua, kama anaiona beji kwa mara ya kwanza. "Veteran ni soldier. Askari, papa. Mtu aliyepigana vita. Hapa haina maana ingine."

"Veterani ni muzee wa mpira."

"Kwa Congo! Hapa ni soldier. Ile yote umesema, defense, captain, ninety-eight... Papa, umemwambia ulikuwa kapiteni wa jeshi."

Bagula alitoa beji taratibu, akatafuta pa kuiweka, akaibakiza kwenye ngumi. Halafu akafungua mlango wa gari likiwa bado linanguruma, akarudi mbio kwenye jengo, beki wa miaka hamsini na minane mwenye suti. Patricia alimkuta kwa mlinzi wa mlangoni, akirudia neno moja. "Football. Soccer. Only soccer." Mlinzi alikuwa na heshima zote. Alisema bila miadi hakuna anayepanda juu, na miadi huombwa kwa njia yake, na njia yenyewe si mlangoni pake.

Barua ilikuja Agosti. Ilisema shauri lake linahitaji uchunguzi zaidi. Haikusema uchunguzi wa nini, wala wa mpaka lini.

Mwanasheria wa shirika, mama mmoja aliyezoea kupokea habari mbaya akiwa amekaa wima, alimsikiliza Patricia akitafsiri, na ilionekana wazi kwamba alijizuia kucheka na kisha akajizuia kulia. Aliandika maelezo. Akasema waambatishe kila kinachoonyesha kwamba Bagula hakuwa askari.

Hapo ndipo ninapotaka mtu anisaidie. Askari ana namba, ana gwanda, ana picha na wenzake. Asiyekuwa askari ana nini? Unakileta wapi kitambulisho cha kutobeba bunduki? Wanaume wa Louisville walipekua masanduku yao usiku na mchana. Wakapata picha moja tu ya Uvira, ya timu nzima, mstari wa mbele wamechuchumaa, mikono magotini. Nyuma yao, kwenye ukingo wa uwanja, wamesimama vijana watatu wenye silaha, kwa sababu mwaka ule hata watazamaji wa mpira walikuwa wanajeshi. Mwanasheria aliitazama picha akairudisha mezani kifudifudi.

Mama Patricia akasema: "Na Chimène sikumuzala mu Januari. Nilimuzala tukivuna maharage, mwezi wa sita. Ile ya Januari ni karani wa kambi aliandika, aliandikia kila mutu. Mimi mwenyewe ni Januari. Bwana yangu Januari. Tubadilishe, tupate ile miezi."

Patricia akatafsiri. Mwanasheria akatikisa kichwa polepole. Alisema kweli anaijua, na wakimbizi wote anaowajua wamezaliwa siku hiyo moja. Lakini kubadilisha tarehe sasa, kwenye faili ambalo tayari linamshuku mtu kwamba alisema uongo, ni kumwongezea uongo wa pili.

"Donc tufanye je?" Bagula aliuliza.

"Tungoje," Patricia alitafsiri. Halafu kwa sauti yake mwenyewe: "She's sorry, papa."

Septemba walikwenda Columbus tena, wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo Amerika huja mwezi huo. Paluku alimlazimisha. Alisema beki akikaa ndani anaota ukungu.

Buffalo walifika wakiwa wamevaa jezi zao za bluu. Mgongoni, kila mtu, neno lilikuwa limefunikwa kwa utepe mweusi, ule wa kufungia masanduku. Bagula alidhani ni kwa ajili yake. Akaenda kumshika Zenoni mkono.

"Asante, ndugu. Sikutegemea."

Zenoni aliinamisha macho. Alikuwa mtu wa kweli na ukweli ulimtesa. "Ndugu yangu Bagula, tumekuombea, Mungu anajua. Lakini nisikudanganye. Enoki wetu anaitwa kwenye usaili mwezi wa kumi. Liberati ana faili la mke wake. Tumesema neno hili tuliache. Na ninyi mliache. Tujiite Wazee. Tujiite chochote."

"Wazee?" Paluku alifoka. "Mimi muzee? Mimi? Hili jina limevuka ziwa, weye! Walilipiga na bunduki halikufa, sasa weye unakuja kuliua na skochi, na utepe!"

"Jina haliombi uraia, Paluku. Watu ndio wanaoomba."

"Basi cheza bila jina! Cheza kama mbuzi!"

Bagula aliwanyamazisha kwa mkono. Akaomba utepe. Zenoni alikuwa nao kwenye mfuko. Bagula akampa Paluku mgongo, akasubiri. Paluku alisimama na ule utepe muda, analaani kwa Kinande, lugha ya kwao, kisha akaukata kwa meno na kuubandika, akiulainisha kwa kiganja kama anayemkanda mgonjwa.

Mechi ikaanza. Dakika za mwanzo Bagula hakuelewa kinachotokea. Liberati, mshambuliaji wa Buffalo, mtu aliyekuwa akimpiga viwiko tangu Nyarugusu, alifika mbele yake na mpira, akapunguza mwendo, akaurudisha nyuma. Akaja tena, akaurudisha tena. Enoki naye vivyo hivyo. Wote walimzunguka Bagula kwa mbali, kwa adabu, kama watu wanaopita nje ya nyumba yenye msiba.

"Pita!" Bagula alisema.

Liberati akarudisha mpira.

"Liberati! Nipite nikuone! Mimi ni maiti? Njoo!"

"Mzee, tucheze tu."

"Mzee ni baba yako! Njoo hapa!"

Liberati akaja. Masikini, alikuja kwa kumtii. Bagula akamwingia kwa nguvu zake zote, na Liberati, aliyekwisha kuamua kutoshindana, alianguka kabla hajaguswa, na Bagula akapita hewani, akaangukia goti lile bovu. Hakuna aliyepiga filimbi. Hakuna aliyetukana. Wanaume wa timu mbili walisimama wakimtazama akiwa chini kwenye nyasi za Columbus, na Paluku, kutoka golini, hakupata hata neno moja la mzaha. Ndipo Bagula alipojua kwamba mambo yamekwisha.

Timu ya Louisville haikukutana tena Oktoba. Novemba kulikuwa na baridi, wakasema ni baridi.

Mwanasheria aliandika mara tatu. Alijibiwa kwamba shauri lingali linashughulikiwa. Patricia alipiga simu uhamiaji kila alipotoka shule, akisikiliza muziki wa kungojea mpaka betri ikaisha. Mchungaji aliitisha maombi ya kufunga. Maombi, nina hakika, yalifika. Sijui yaliwekwa kwenye faili gani.

Tarehe thelathini na moja Desemba, alasiri, Bagula alikuwa jikoni na mke wake. Nje jua lilikuwa bado lipo. Simu ikalia, namba ya Tanzania. Aliiweka mezani, sauti juu, na kwanza kabisa zikaingia kelele za watu wanaopiga masufuria na kuimba.

"Bonne année, papa!" Chimène alipaza sauti. "Huku tumeshaingia mwaka mupya!"

"Huku bado," Bagula alisema.

"Mko nyuma yetu. Mama iko?"

"Iko hapa. Anakusikia."

"Barua?"

Bagula alitazama dirishani. Kesho ofisi zote zimefungwa. Leo nazo zilikuwa zimekwisha kufunga. "Haijakuja, mwanangu."

Masufuria yaliendelea kulia kule. Chimène alisubiri yapungue, au alisogea mbali nayo. Sauti yake ilirudi karibu zaidi, ya chini.

"Papa, nilitaka kukuuliza kitu. Kuna mtu alikuja kwa bibi. Tangu mwezi wa nane amekuja, na wazazi wake. Ni mtu mzuri, anashona, iko na mashine yake. Nilimwambia hapana sababu ya dosie, ile faili yangu, mwanasheria alisema nisiolewe. Yeye akasema atangoja mpaka mwaka mupya. Iko hapa inje na wazazi wake. Sasa nimujibu je? Nimwambie aende? Kama unasema ningoje, nitangoja, papa. Mimi nataka tu uniambie."

Bagula akimwambia ngoja, angoje nini, miaka mingapi kwenye foleni, na yeye hajui hata mlango wa kugonga. Akimwambia olewa, ndiyo amemfungia hata ile njia ya foleni kwa mdomo wake mwenyewe, na hata barua ikija kesho kutwa haitamfaa kitu.

"Papa? Uko?"

"Niko. Subiri," alisema. "Subiri nikupe mama yako."

Akaisukuma simu upande wa pili wa meza. Mama Patricia aliitazama ikija. Akaingiza mikono yote miwili ndani ya kitenge, akaikaza kifuani, na simu ikabaki pale katikati, ikiita papa, ikiita mama.